Sweta Lisilo na Shingo

Mwenye Duka hakupiga kelele. Afadhali angepiga, maana mwenye kelele hupunguziwa haki hata akiwa nayo. Alilitandaza sweta juu ya kaunta, akalinyoosha kwa viganja vyote viwili, mkono mmoja huku na mwingine huku, halafu akasogea pembeni ili kila aliyekuwa dukani apate kuona.

"Mama Kijiti, hebu nionyeshe kichwa kinapita wapi."

Mama Kijiti akatazama. Lilikuwa sweta la mtoto wa miaka minne, rangi ya maziwa, na kifuani palipita msafara wa sisimizi wa kahawia kutoka ubavu hadi ubavu. Pindo lilikaa sawa. Mikono ililingana. Lakini juu, pale shingo ya mtoto inapotokea, palikuwa pamefumwa na kufungwa kutoka bega hadi bega, kazi safi, hakuna hata kitanzi kimoja kilichoruka. Aliyelifunga hakuwa na haraka wala usingizi. Alikaa akalifunga kwa utulivu wa mtu anayejua anachofanya.

"Mimi nilimvalisha kwa chini," akasema mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. Ndiye aliyelinunua likiwa limekunjwa. "Mikono ikaingia, nikasubiri kichwa kitokee. Nikasikia analia humo ndani."

"Hiyo foronya, dada. Tia pamba ulalie," mteja mwingine akamwambia, na watu wakacheka. Hata mwenye mtoto alicheka, maana fedha zake alikuwa amesharudishiwa.

Sweta lilifumwa na mama mkwe wa Mama Kijiti. Wateja walikuwa wakija kumuulizia yeye: sweta la sisimizi la yule bibi. Mama Kijiti alijua kwamba jina likishaanguka dukani haliokotwi.

"Ni mimi," akasema. "Mama alifuma, mimi nikamalizia juu. Nilikosea."

Mwenye Duka akamtazama kama mtu anayetazama chakula kilichoungua. "Na wewe uliguse la nini? Watu hapa wanafuata mkono wa mama yako mkwe, hawafuati wako. Baridi inakuja, nangojea mengine kumi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Likiingia jingine kama hili, mwenye mashine kule barabarani ananiletea mia kwa wiki. Hayana sisimizi, lakini yote yana shingo."

"Nimeelewa, dada."

"Na usiguse. Nakuomba. Hata kukunja, mwachie mwenyewe."

Mama Kijiti akalikunja sweta, akakumbuka kwamba ameshakatazwa kukunja, akaliacha hivyo hivyo na kulisukumia mkobani. Alitoka dukani akiwa amejitwika kosa lisilo lake, na njiani akagundua kwamba limekuwa zito zaidi, kwa kuwa sasa hakuna ambaye angeweza kumsaidia kulibeba.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na uwazi mdogo wa kupikia. Baba Kijiti, mumewe, alikuwa fundi bomba wa kuitwa. Mabomba ya watu yakipasuka walikula vizuri, yasipopasuka walimtazama Bibi. Kodi ya nyumba ilitoka kwenye sindano zake mbili, na hilo halikuwa siri kwa mtu, hata kwa mwenye nyumba, ambaye akija kudai huuliza kwanza hali ya mikono ya Bibi.

Bibi alikaa kwenye stuli chini ya dirisha. Ukutani, karibu na kichwa chake, zilining'inia kamba nyembamba kwenye misumari mitano, kila moja na mafundo manne. Hakuwa na karatasi wala futi. Kamba ya kwanza ni ya mtoto wa mwaka, ya pili wa miaka miwili, hivyo hivyo hadi wa miaka mitano. Fundo la kwanza kifua, la pili mkono, la tatu mgongo, la nne kichwa. Sisimizi pia ni wake. Aliwaona ukutani pale jikoni miaka mingi nyuma, wamepanga mstari, wakafika kwenye tone la uji lililokauka, wakalizunguka na kurudi kwenye mstari wao. Akaenda kuwafuma. Tangu hapo kila sweta lake lilikuwa na msafara unaofika katikati ya kifua, unazunguka kitu kisichoonekana, kisha unaendelea. Yeye alikiita jiwe.

Mama Kijiti akamwekea sweta magotini. "Limerudi, mama."

Bibi akaliinua, akaligeuza, akatia mkono kwa chini na kupapasa juu akitafuta tundu. Kisha uso wake ukafunguka kwa kicheko.

"Nani kafanya kituko hiki? Wewe, Mkono Mzito?"

Hilo ndilo jina alilompa mkwewe tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Siku moja alimpa sindano ajaribu, akamtazama akivuta uzi mpaka vitanzi vikakakamaa, akamnyang'anya. Unafuma kama unafunga mzigo, alimwambia, nenda kapike. Majirani waliolisikia jina hilo bila kujua asili yake walidhani Mama Kijiti ni bahili, na wengine waliacha kumkopa chumvi.

Sasa Mama Kijiti alimtazama usoni, akitafuta hata kivuli cha utani. Hapakuwa na utani. Bibi hakulitambua sweta lake.

"Ni mimi, mama," akasema kwa mara ya pili siku hiyo.

"Nilijua tu." Bibi akainuka na sweta mkononi, akaenda mlangoni kumwita muuza mkaa wa jirani. "Njoo uone kazi ya mkwe wangu! Amemfumia mtoto asiye na kichwa."

Muuza mkaa akaja, akamwita mwenzake. Ilipofika jioni uani kote walikuwa wanajua, na watoto waliotumwa dukani walipita dirishani wakiwa wamevuta fulana zao juu ya vichwa.

"Mama amechoka tu," akasema Baba Kijiti. Alikuwa ameinama kwenye bomba la uani akisugua grisi mikononi, na mkewe amesimama karibu ameshika kipande cha sabuni.

"Baba Kijiti, mtu aliyechoka huruka kitanzi. Yule amefuma kitu kizima akasahau kuwa binadamu ana kichwa."

Fundi akasugua vidole kimoja kimoja. Alikuwa mtu wa kuziba mambo yanapovuja, hakupenda kuuliza yalianzia wapi.

"Juzi aliniuliza kama kiwandani wameshatulipa," akasema mwishowe. "Mimi sijawahi kufanya kazi kiwandani. Aliyekuwa kiwandani ni baba."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nilimjibu wametulipa." Akafunga bomba. "Basi aache. Kesho namwambia apumzike, zile sindano nitaziweka juu ya kabati."

"Halafu akae afanye nini mle ndani? Ahesabu misumari?"

"Sasa unataka nini? Akosee tena, wamcheke yeye?"

"Wameshacheka. Wamenicheka mimi." Akampa sabuni. "Mimi nataka asijue. Nitamkagulia kazi yake kila siku akilala mchana. Palipoharibika nitafumua, nitafuma upya."

Mumewe akamtazama, na bila kukusudia macho yake yakashuka kwenye mikono yake.

"Sema tu," Mama Kijiti akamwambia. "Sema ni mizito."

"Sijasema kitu mimi."

Lakini usiku ule wote wawili walilala wakitazama dari, na upande wa pili wa ukuta walimsikia Bibi akihesabu vitanzi kwa wimbo wake wa siku zote: wawili wapite, mmoja angoje, wawili wapite, mmoja angoje, jiwe hilo, zunguka.

Miaka kumi na miwili Mama Kijiti alikuwa ameusikia wimbo huo kupitia ukutani, akiosha vyombo, akinyonyesha, akipanga nguo. Hakufundishwa kitu, lakini masikio hayana mlango. Bibi alipolala baada ya chakula cha mchana, alikaa kwenye stuli ile ile, akachukua kazi iliyokuwa ndani ya kapu, akaipima kwa kamba, fundo kwa fundo.

Siku ya kwanza mkono wa sweta ulikuwa mrefu kuliko mkono wa Kijiti, binti yao, ambaye alikuwa na miaka kumi. Siku ya tatu sisimizi walifika katikati ya kifua wakakatika, kama wamefika kwenye jiwe wakaamua kuhamia hapo. Siku ya tano palikuwa na migongo miwili na hakuna kifua. Si kila siku. Siku nyingine Bibi alifuma kama zamani, sweta halina doa, na Mama Kijiti akalirudisha kapuni bila kuligusa, akiwa na furaha ya kijinga, kama mtu aliyeamka akadhani homa imeondoka moja kwa moja.

Palipoharibika alifumua. Uzi ulitoka na mawimbi, kwa sababu uzi ukishazoea kuwa vitanzi hausahau upesi. Ulihitaji kuoshwa, kufungiwa kitu kizito na kuning'inizwa hadi unyooke, na hiyo ni kazi ya siku mbili. Yeye alikuwa na saa moja na nusu. Akafuma na mawimbi yake hivyo hivyo.

Mkono ndio uliomtesa. Vitanzi vyake vilikakamaa, vya Bibi vilipumua, na mtu hata asiyejua kufuma angeona mahali mmoja alipoishia na mwingine alipoanzia. Akafuma, akafumua, akafuma. Alijilazimisha kuupitisha uzi juu ya kidole kidogo kama alivyomwona Bibi akifanya, akauacha uteleze wenyewe. Kidole kikachanika. Wiki ya pili, bila kujua imetokeaje, alitazama mistari sita aliyoimaliza na hakuiona mipaka.

Kijiti alikuwa mlinzi. Alirudi kutoka shuleni saa nane, akakaa kizingitini na daftari, na kazi yake ilikuwa kukohoa.

"Huyu mke mwenzangu ana kikohozi," Bibi alisema siku moja akiamka. "Kila nikifumbua macho anakohoa. Mpeleke kwa daktari, au mnamngojea afe niachiwe mume peke yangu?"

"Mume mwenyewe hana hela, Bibi," Kijiti akajibu. "Mchukue tu."

Bibi akacheka, akavuta kapu, akatoa sweta na kulipitisha mkononi. Mama Kijiti alikuwa amelimaliza dakika tano zilizopita, na sindano zilikuwa bado na joto la vidole vyake.

"Tazama kazi hii," Bibi akamwambia. "Wanasema wazee wanachoka. Tazama vitanzi hivi vilivyotulia. We Mkono Mzito, ungeweza kufuma namna hii ungekuwa tajiri."

"Kweli, mama."

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amelitamani neno hilo moja kutoka kwenye kinywa hicho. Sasa limekuja, na si lake. Alikwenda jikoni akakata vitunguu visivyohitajika, ili machozi yawe na sababu.

Alhamisi, siku moja kabla ya kupeleka kazi, Mama Kijiti aliingia na nguo alizoanua akamkuta Bibi kitandani na masweta yote kumi. Alikuwa ameyagawa mafungu mawili. Alishika la mwisho amelisogeza shavuni, macho yamefumbwa, akilisugua taratibu juu na chini. Kisha akaliweka kwenye fungu kubwa.

"Kaa," akasema.

Mama Kijiti akakaa, nguo zikiwa bado mikononi.

"Haya matatu ni yangu. Haya saba si yangu." Sauti yake ilikuwa ya zamani, ile ya siku ya kwanza ya sindano. "Umeiga vizuri. Umelegeza mkono, sikujua kama unaweza. Lakini kila ukifika kwenye jiwe unaogopa, unavuta. Sisimizi wako wanalizunguka wamebanana. Na uzi una mawimbi. Uzi huu ulikuwa nguo kabla ya kuwa nguo."

"Mama, nilikuwa…"

"Tangu lini?"

"Tangu lile lisilo na shingo."

Bibi akafikiri. "Lile lilikuwa lako."

Mama Kijiti akatazama zile nguo mikononi mwake. Alitaka kusema ndiyo kwa mara ya tatu, na safari hii hakuweza.

"Lilikuwa langu," Bibi akasema. Alilisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Na mimi nikakucheka mpaka kwa muuza mkaa."

"Yamepita, mama."

"Hayajapita. Ndiyo yanaanza." Akaziweka sindano magotini akazitazama. "Unajua inavyokuwa? Nashika uzi, najua ninakokwenda. Halafu nainua macho. Chumba ni kile kile, dirisha ni lile lile, lakini sijui nilikuwa nafuma nini, wala cha nani. Naona haya kuuliza. Basi naendelea tu. Mikono inajua kuendelea, kwa hiyo naendelea mpaka pafungike."

Mama Kijiti akaziweka nguo chini, akamshika mikono. Ilikuwa mikavu na myepesi. Hawakuwa watu wa kushikana hawa wawili, na hakuna aliyejua wapi pa kutazama, kwa hiyo walitazama masweta.

"Nikikaa bila sindano watu watajua," Bibi akasema. "Na nikikaa nazo nitawaaibisha. Sasa chukua." Akamwekea sindano kiganjani na kukifunga kwa vidole vyake. "Chukua na kamba zangu zote. Chukua leo, kabla sijasahau kwamba nimekupa."

Wakalia. Walilia kila mmoja kwa namna yake, Bibi bila sauti, mkwewe kwa kwikwi, na Kijiti aliyekuwa kizingitini akakohoa kwa mazoea tu, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Ijumaa asubuhi Bibi alivaa gauni lake la kutokea na kusema anakwenda dukani mwenyewe. Mama Kijiti alimtazama, akamwona mchangamfu, akafurahi. Alimalizia pindo la sweta la mwisho lililokuwa limefumuka, akazitia sindano mkobani pamoja na masweta, wakaondoka wameshikana mikono.

Mwenye Duka akampa Bibi kiti. Aliyatandaza masweta moja moja, akatia mkono wake katika kila shingo mpaka ukatokea upande wa pili, hata lile la kumi.

"Mama, mkono wako haujazeeka," akasema. "Umeona sasa, Mama Kijiti? Ulipoacha kugusa, yamenyooka yote."

Mama Kijiti akageuza uso kwa Bibi. Hakutaka asemewe, au labda alitaka kidogo. Jana yake mtu huyu huyu alimshika vidole na kumwambia umeiga vizuri. Lingetosha neno moja, hata nusu yake.

"Huyu?" Bibi akacheka. "Huyu usimwache karibu na uzi. Amewahi kufuma sweta halina pa kutolea kichwa! Mtoto angekaa humo kama mbegu." Akawaeleza wateja wote, kwa mikono, jinsi kichwa kilivyotafuta njia. Alikuwa msimuliaji mzuri na duka zima lilimfuata. Kisha, kicheko kikiwa bado midomoni mwake, uso ukabadilika. "Na sasa ameniibia sindano zangu."

Wateja wakamgeukia Mama Kijiti.

"Nimeamka leo hazipo. Wala kamba zangu hazipo ukutani. Hebu mtazameni mkobani."

"Mama," Mama Kijiti akasema.

"Mtazameni."

Mama Kijiti hakungoja atazamwe. Alifungua mkoba mwenyewe, akatoa sindano mbili zilizong'aa kwa miaka ya kushikwa, akampa kwa mikono miwili, kama mtoto anayemrudishia mkubwa kitu chake.

"Nilikuwa nakutunzia, mama. Nisamehe."

"Kwanza anaharibu, sasa anaiba," mteja mmoja akamnong'oneza mwenzake, kwa ule mnong'ono unaokusudiwa kusikika. Bibi alizipokea sindano akazibana kifuani, na machoni pake aliyekuwa mbele yake ni mwizi tu, mtu asiyemjua vizuri.

Mwenye Duka alikuwa mtu wa biashara na macho yake yalizoea kuona dosari. Aliona kidole kidogo cha Mama Kijiti wakati kikitoa sindano, aliona mfereji mwekundu uliochimbwa na uzi, akatazama kidole cha Bibi chenye sugu ya zamani, bila jeraha jipya. Akatazama tena masweta. Akaelewa yote, na hakusema kitu, maana kuomba radhi mbele ya wateja ni hasara. Alipowasindikiza mlangoni ndipo aliposema kwa sauti ya chini, akitazama barabarani:

"Mwezi ujao niletee kumi na tano. Na hicho kidole kipake mafuta."

"Mwambie ukweli," Baba Kijiti akasema jioni. Alikuwa amesikia habari ya mwizi njiani, kutoka kwa watu watatu tofauti. "Mke wangu hawezi kutangazwa mwizi mjini kwa ajili ya vijiti viwili."

"Nimwambie mara ngapi? Jana alijua. Alijua vizuri kuliko mimi na wewe, na iliuma, Baba Kijiti. Unataka aumie kila siku kama mara ya kwanza?"

Fundi akachukua msumeno wake wa chuma na tupa, akakaa uani. Alikata vipande viwili vya waya mnene, akavinoa ncha, akavisugua kwa msasa hadi vikateleza. Vilipokuwa tayari akavileta ndani, akaviweka mbele ya mkewe. Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyopata jozi mbili za sindano, moja ya kufumia na moja ya Bibi.

Kamba zilirudi ukutani. Mama Kijiti alifunga nyingine tano zenye mafundo yale yale na kuzificha kwenye kopo la unga. Bibi alipewa uzi wa lile sweta lisilo na shingo. Kila asubuhi alifuma, kila alasiri akilala kazi yake ilifumuliwa na kuviringishwa donge, na kesho yake akaanza upya, mwenye furaha, akisema kwamba mteja wa hili ana haraka. Majirani waliendelea kumwita mkwewe Mkono Mzito, na sasa waliongeza sauti kidogo alipopita karibu na vitu vyao.

Mwezi ulikuwa haujaisha siku Bibi alipovuta uzi kutoka kwenye donge, akasimama, akaurudisha na kuuvuta tena. Aliupitisha shavuni. Ulikuwa umejikunja mawimbi juu ya mawimbi, umechoka, manyoya yake yameanza kuondoka.

"Uzi huu umefumuliwa mara nyingi," akasema. "Mara nyingi sana. Nani huyo anayefumua kila siku?"

Mama Kijiti alikuwa sakafuni akichambua mchele. Mikono ikasimama juu ya ungo.

"Ni mimi, mama."

Bibi akamtazama kwa muda mrefu. Haikujulikana alimwona nani: mkwe, mwizi, au msichana wa siku ya kwanza. Kisha akatingisha kichwa, kwa huruma ambayo Mama Kijiti hakuwahi kuiona kwake.

"Maskini. Hujafundishwa, ndiyo maana. Hakuna aliyekaa nawe." Akajisogeza kwenye stuli mpaka ukingoni, akabakiza nafasi ndogo upande wa dirisha, akaipiga kwa kiganja. "Acha mchele huo. Njoo hapa nikufundishe kuanza."

Mama Kijiti akaenda. Wakakaa wamebanana, bega kwa bega, na Bibi akamwekea sindano mikononi, akampitishia uzi juu ya kile kidole kidogo ambacho kilikuwa kimeshaota sugu. Bibi hakuiona. Akamwonyesha kitanzi cha kwanza, kisha cha pili, akimwambia usiogope, usivute, uache uteleze wenyewe.

Kesho yake alimfundisha kuanza. Keshokutwa akamfundisha tena. Na kila siku Mama Kijiti, ambaye ndani ya kopo la unga alikuwa na kamba tano na chini ya kitanda masweta manane yaliyokwisha, aliushika uzi akauvuta kwa nguvu zake zote, kama mtu anayefunga mzigo, akasubiri kukosolewa.

"Taratibu, mwanangu," Bibi alimwambia. "Bado una mkono mzito."